“I feel constrained”: amebanwa au hana budi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ndiyo kwanza naanza kazi ya kufasiri, na nimekwama kwenye barua moja ya kujiuzulu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Katika aya ya pili mwandishi anasema: “I feel constrained in my present role.” Nimeandika: ‘Najisikia kubanwa katika nafasi yangu ya sasa.’ Katika aya ya mwisho anasema: “I therefore feel constrained to resign.” Nikaandika: ‘Kwa hiyo najisikia kubanwa kujiuzulu.’ Mwenzangu anasema sentensi hiyo ya pili haina maana, na kwamba neno lenyewe ni sawa na “restricted” tu. Kamusi nayo inanipa maana mbili zinazopingana, kuzuia na kulazimisha. Neno moja linawezaje kumzuia mtu na papo hapo kumsukuma? Na nifasiri vipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo wafasiri wengi hulipita kimyakimya. Wanaandika ‘kubanwa’ kila mahali na kusonga mbele. Mwenzako amepatia nusu. Sentensi yako ya pili kweli haisimami, kwa sababu kwa Kiswahili mtu habanwi kujiuzulu. Lakini aliposema kwamba “constrained” ni “restricted” tu, alilikata neno vipande viwili akatupa kimoja, na hicho alichokitupa ndicho kilichomo katika aya yako ya mwisho.

Tuanze na kamba. Neno hili limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini constringere, kilichoundwa kwa con, yaani ‘pamoja’, na stringere, ‘kuvuta mpaka kitu kikaze’. Mtazame mtu anayefunga mzigo wa kuni. Anazungusha kamba, anauwekea mzigo goti, anavuta, na vijiti vilivyokuwa vimelala ovyo vinashikamana visitikisike tena. Kilatini kikakirithisha Kifaransa cha kale kitenzi hicho, Kifaransa kikaingia Uingereza na Wanormandi walioiteka mwaka 1066, na kufikia karne ya 14 neno lilikuwa tayari linaandikwa katika Kiingereza. Sasa ichukue kamba hiyohiyo uitie shingoni mwa mnyama. Ukiifunga mtini, inamzuia asiende anakotaka. Ukiishika mkononi ukaivuta, inampeleka asikotaka. Kamba ni moja na kukaza ni kulekule. Kilichobadilika ni kile kilichoshika ncha ya pili. Kwa hiyo maana mbili za kamusi yako hazipingani. Zote zinasema mtu hana hiari. Katika moja hana hiari ya kwenda, katika nyingine hana hiari ya kubaki.

Kiswahili chenyewe kinalijua jambo hili, ila tumelizoea mno hata hatulioni. Tunasema ‘sina budi kuondoka’. Neno budi tumelipata kwa Kiarabu, na maana yake ni njia ya kukwepa, pa kutokea. Anayesema hana budi anasema hana pa kutokea isipokuwa mahali pamoja tu. Kulazimika kwake tunakueleza kwa picha ya kuzibiwa njia: milango yote imefungwa, umebaki mmoja, na huo mmoja hakuuchagua yeye. Ishike picha hiyo, maana tutairudia.

Utajuaje kamba imefungwa mtini au inavutwa? Tazama neno dogo linalofuata. Likija “to” na kitenzi nyuma yake, kamba inavutwa: “constrained to resign”, “constrained to admit”, “constrained to point out”. Hapo unafasiri kulazimika. Likija “by” au “in”, kamba imefungwa: “constrained by the rules”, “constrained in her choices”. Hapo unafasiri kubanwa, kufungwa, kukosa nafasi. Kuna pia “constrained from”, si la kila siku, nalo ni kuzuiwa moja kwa moja: “constrained from speaking”, amezuiwa asiseme.

Mahali pawili panahitaji uangalifu zaidi. Kwanza, “to” ikifuatwa na nomino au idadi badala ya kitenzi, maana inarudi kwenye mipaka: “our options are constrained to two” ni kwamba njia zetu zimebaki mbili tu, hakuna anayelazimishwa kufanya chochote. Pili, “by” na “to” huweza kukaa katika sentensi moja bila kugombana. “Constrained by the evidence to change her view, she wrote again.” Hapo “by” inamtaja aliyeshika kamba, ambao ni ushahidi, na “to” inataja upande ilikovutiwa. Fasiri: ‘Ushahidi ulimlazimu abadili msimamo, akaandika tena.’

Sasa tukae na “constrained to”, kwa kuwa ndiko ulikoteleza, na pana utamu ambao kamusi haikuonjeshi. Kiingereza kina maneno kadhaa ya kulazimika, na kila moja lina moyo wake. “Forced” ni nguvu inayotoka nje, na mara nyingi ndani yake kuna lawama. “Obliged” ni wajibu, uwe wa sheria, wa mkataba au wa adabu tu. “Compelled” ni msukumo mkubwa unaoweza hata kutoka ndani ya mtu mwenyewe; msomaji aliyeshindwa kukiweka kitabu chini mpaka alfajiri anaweza kusema alikuwa “compelled to go on” huku akifurahi. “Constrained” ni la mtu anayefanya asilolipenda huku akikiri kwamba haliepukiki. Halalamiki, wala hafurahii.

Majaji hulitumia sana kwa sababu hiyo. Jaji akiandika “I am constrained to agree”, anatuambia kwamba moyo wake ulikuwa unaelekea kwingine, lakini sheria au ushahidi umemleta hapa. Ukifasiri ‘nakubali’, umemnyang’anya huzuni yake. Ukifasiri ‘nalazimishwa kukubali’, umemwingiza mtu wa tatu aliyemshikia fimbo, na mtu huyo hayumo katika hukumu. ‘Sina budi kukubali’ inatosha kabisa. Katika maandishi yasiyo rasmi sana unaweza kwenda mbali kidogo ukasema ‘imenibidi nikubali, ingawa kwa shingo upande’. Naipenda ‘shingo upande’ kwa kazi hii. Unamwona mnyama aliyevutwa kamba, miguu inatembea lakini shingo bado imegeukia alikotoka.

Matumizi haya ni ya zamani. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Paulo anawaeleza watu wake mjini Roma: “I was constrained to appeal unto Caesar.” Hakupenda kulishtaki taifa lake, na anasema hivyo waziwazi, lakini njia nyingine zilikuwa zimezibwa, ikambidi akate rufani kwa Kaisari. Hiyo ndiyo “constrained to” kamili. Lakini Biblia hiyohiyo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 5, ina “the love of Christ constraineth us”, na hapo hakuna shingo upande hata kidogo, maana aliyeshika kamba ni upendo. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili wakaandika ‘upendo wa Kristo watubidisha’. Kila nikiufikia mstari huo nasimama kidogo kuustahi uchaguzi wao, kwa sababu kitenzi hicho kinabeba lazima huku kikikukumbusha bidii. Kiingereza cha leo kimeiacha njia hiyo ya furaha. Ukikutana na “constrained to” katika barua ya siku hizi, tarajia mtu aliyesita kabla ya kuandika.

Turudi kwenye aya ya pili ya barua yako, “I feel constrained in my present role”. Hapa tumo ndani ya hisia, na hisia yenyewe ni nyembamba kuliko unavyodhani. Mwandishi hasemi yuko kifungoni. Mfikirie mtu aliyevaa koti linalomfinya mabegani. Anakaa mezani, anakula, anaandika, anasalimiana na watu, na hakuna anayeona kasoro. Kisha anataka kuchukua faili lililo rafu ya juu. Ananyoosha mkono, mshono wa kwapa unavuta, mkono unaishia njiani, vidole vikiwa shubiri moja tu kutoka kwenye faili. Anaushusha, anajifanya hakuwa na haja nalo. Mkono wake ni mrefu wa kutosha, na hilo ndilo linalomuuma. “Constrained” inadai kwamba uwezo upo. Asiye na uwezo hawezi kujiona hivyo, kwa kuwa hana kinachotaka kunyooka kikazuiwa. Kwa hiyo anayeandika “I feel constrained” anamwambia mwajiri wake mambo mawili kwa pumzi moja: ninaweza zaidi ya haya, na hapa hayawezekani.

Ndipo unapoona kwa nini “restricted” haitoshi. “Restricted” ina mpaka uliotamkwa. Mlango wenye kibao cha “restricted area” una kanuni nyuma yake, na anayesema “my access is restricted” anaweza kukuonyesha kipengele kinachomzuia. “Constrained” haihitaji kanuni wala kibao. Unaweza kuwa hivyo kwa sababu ya fedha, muda, mila, macho ya watu, hata haya yako mwenyewe.

Jirani wa hatari zaidi ni “restrained”, kwa kuwa masikio huyachanganya. Hili limebeba re, kurudisha nyuma, kama mtu anayevuta hatamu za farasi. Kwa vitendo linaweza kuwa kumshika mtu kwa nguvu, kama mgonjwa anayezuiwa asijidhuru. Kwa tabia, huwa ni sifa njema: “a restrained reply” ni jibu la mtu aliyekasirika akapima maneno yake. Nimewahi kuona tafsiri iliyogeuza jibu la namna hiyo kuwa ‘jibu lililobanwa’, na msomaji akaelewa kwamba kuna taarifa zilifichwa. Mtu muungwana akageuka kuwa mtu mwenye hila kwa sababu ya silabi moja.

Wengine niwapitie upesi. “Confined” ina finis ndani yake, mpaka, na inahusu mahali: “confined to bed”, hawezi kutoka kitandani. “Cramped” ni nafasi ndogo, chumba au kiti, na linakumbusha misuli inayokaza. “Stifled” ni la pumzi. Kipaji kilichokuwa “stifled” kimezibwa pua. “Constricted” ni la mwili na mirija: koo, mshipa wa damu, bomba. Hili la mwisho ni ndugu wa tumbo moja na “constrained”. Wote wametoka kwa constringere, ila mmoja alipitia Kifaransa akalainika njiani, mwingine akaja moja kwa moja kutoka kwenye vitabu vya Kilatini na ukali wake wote. Linnaeus alipompa jina nyoka mkubwa wa Amerika mwaka 1758, alimwita Boa constrictor, mkazaji, kwa kuwa hujizungusha kwenye windo na kukaza. Mtu anaweza kuwa “constrained” miaka kumi akiwa mzima wa afya. Akiwa “constricted” kooni, hawezi kustahimili hata dakika kumi.

Na “claustrophobic”? Hilo lilianza kama neno la tiba. Daktari wa magonjwa ya akili Benjamin Ball, aliyefanya kazi Paris, ndiye aliyelipendekeza jina “claustrophobia” mwaka 1879, akitumia neno la Kilatini la komeo au mahali palipofungwa, pamoja na la Kigiriki la hofu. Leo watu hulitupia hata uhusiano wa mapenzi au kikao kirefu. Kwa maoni yangu mfasiri alitumie kwa uangalifu, kwa sababu wapo ambao kwao lifti ikifungwa mlango ni hofu ya kweli, yenye jasho na moyo kwenda mbio.

Tazama basi jinsi mwandishi wa barua yako alivyolichagua neno lake kwa busara. Angeandika “stifled”, angekuwa anamshtaki mwajiri. Angeandika “restricted”, angetakiwa ataje kanuni. Ameandika “constrained”, tena bila “by”, kwa hiyo hakumtaja aliyeshika kamba. Anaondoka bila kuvunja daraja. Ukifasiri ‘mmenibana’, au hata ‘nimekandamizwa’, umemtafutia mkosaji ambaye yeye kwa makusudi hakumtaja, na barua ya kuagana kwa heshima umeigeuza hati ya mashtaka. Hili lina uzito. Watu wamepoteza barua za kupendekezwa kazi kwa maneno madogo kuliko hayo.

Nitoke njiani kidogo, kwa sababu ukoo wa stringere ni mkubwa na ukiujua utakusaidia siku nyingi. “Strict”, “restrict”, “strain”, “distress”, “strait”, wote ni wa nyumba hiyo. “String”, ambayo sura yake inakushawishi uiweke humo, si wa ukoo huu. Ni neno la familia ya lugha za Kijerumaniki, ambamo Kiingereza chenyewe kimo. “Strait” ni mahali pembamba, kama mlango-bahari wa Gibraltar, na ndilo lililomo katika “straitjacket”, vazi la kumfunga mtu mikono, ambalo wengi huliandika “straight” kana kwamba linamnyoosha. “Stress” nalo linatoka humo, kwa sehemu likiwa ni “distress” iliyokatwa kichwa, na katika karne ya 20 mtaalamu Hans Selye ndiye aliyelieneza kama jina la mwili unaoelemewa. Sisi tukaliita msongo, kutoka kusonga, kubana na kukandamiza. Dhiki nayo tumeipata kwenye neno la Kiarabu la wembamba wa mahali. Kilatini kimeona taabu kama kamba inayokaza, Kiarabu kama njia nyembamba, Kibantu kama msongamano, na kifua kinachobana ni kilekile kwa wote.

Kuna matumizi mengine ya “constrained” ambayo barua yako haina lakini utakutana nayo kwenye hadithi: “a constrained smile”, “her manner was constrained”. Hapa neno linaeleza jinsi mtu anavyoonekana. Amekaa ukingoni mwa kiti, mikono ameibana magotini, midomo inatabasamu lakini macho hayajashiriki. Usiandike ‘tabasamu lililobanwa’. Andika ‘tabasamu la kujilazimisha’. Na kwa mwenendo mzima, Kiswahili kina kitenzi kizuri mno ambacho vijana wanakisahau: kukunjuka. ‘Alitukaribisha, lakini hakukunjuka.’ Nguo iliyokunjwa haijafunguka, na mtu naye vivyo hivyo. Kinyume chake Kiingereza husema “unconstrained”, na sisi tunasema uso mkunjufu. Sijaona tafsiri bora kuliko hiyo.

Nomino yake ni “constraint”, yenye t mwishoni, na hapa wengi hukosea hata wanapoandika Kiingereza chenyewe: wanaandika “time constrain”. Kitenzi hakina t, nomino inayo. Katika ripoti, “budget constraints” na “time constraints” tayari zina makao katika Kiswahili cha ofisini: ufinyu wa bajeti, ufinyu wa muda. Ni tafsiri nzuri, imebeba wembamba uleule, na huna haja ya kubuni nyingine. “Resource-constrained settings” ya watu wa afya na miradi ifasiri kwa uhaba: mazingira yenye uhaba wa rasilimali.

Katika hesabu na kompyuta, acha ufinyu, tumia sharti. Mtu ana uzio wa mita 40 na anataka kuzungushia kiwanja cha mstatili chenye eneo kubwa iwezekanavyo. Jibu ni mraba wa mita 10 kila upande, mita za mraba 100. Zile mita 40 ndizo “constraint”, na ukiziondoa swali linakosa jibu, kwa kuwa eneo linaweza kukua bila kikomo. Washairi wanalielewa hilo kuliko sisi wengine. Mwaka 1960 kilianzishwa Paris kikundi cha waandishi na wanahisabati kiitwacho Oulipo, ambacho hujiwekea masharti makali kwa hiari. Mmoja wao, Georges Perec, alitoa mwaka 1969 riwaya nzima ya Kifaransa isiyo na herufi e. Kwa msomaji wa Kiswahili hilo si geni sana. Mtunzi wa tarbia ana mishororo 4, kila kipande mizani 8, na vina vya kutunza kati na mwisho; anafungwa, na ndani ya kufungwa huko ndimo linamopatikana neno ambalo asingelitafuta. Katika maandishi ya namna hii usifasiri “constraint” kwa neno lenye kilio. Sema sharti, au arudhi ikiwa ni ushairi.

Sasa upande wa Kiswahili, maana tafsiri yako ilikwama huku zaidi kuliko kule. ‘Nimebanwa’ ni neno zuri lakini halipendi kukaa peke yake. Nimebanwa na kazi, ni shughuli nyingi. Nimebanwa na kifua, ni ugonjwa. Ukisema ‘nimebanwa’ ukanyamaza, wasikilizaji watakuonyesha choo kilipo. Kwa hiyo ukilitumia, lipe ‘na’ yake: ‘amebanwa na masharti ya mkataba’. Pale ambapo Kiingereza hakikumtaja anayebana, kama katika barua yako, tafuta njia nyingine.

‘Najisikia’ nayo ina mtego. Siku hizi inatumika sana kwa hisia, na kwa afya haina tatizo: najisikia vibaya, najisikia nafuu. Lakini ‘anajisikia’, ikiachwa hivyo, ni mtu mwenye majivuno. Kwa hali ya mtu mbele ya maisha yake, napendelea ‘najiona’ au ‘naona’. ‘Najiona kama niliyefungwa mikono.’ ‘Naona sina nafasi ya kujinyoosha.’ Tumezoea kuiona hali yetu, na sentensi inakaa bila kunukia Kiingereza. ‘Kufungwa mikono’ kwenyewe ni msemo mzuri sana kwa “constrained by”, hasa kwa kiongozi anayetaka kusaidia lakini sheria haimruhusu.

Jambo moja la matamshi, kwa kuwa huenda ukaisoma barua hiyo mbele ya watu: neno lina silabi 2 tu, mkazo uko kwenye ya pili, na ile -ed ya mwisho haina irabu. Tusipojihadhari huwa tunaitia vokali kila konsonanti ikawa silabi 6 au 7.

Basi, tafsiri. Aya ya pili inataka uwezo uliopo, nafasi isiyotosha, na asitajwe mkosaji. Ningeandika: ‘Katika wadhifa nilio nao sasa naona njia yangu imekuwa finyu.’ Hakuna aliyelaumiwa, na msomaji anaelewa kwamba mtu huyu alikuwa na pa kwenda. Aya ya mwisho inataka ulazima wa mtu aliyesita. Ungeweza kuandika ‘nalazimika kujiuzulu’, na hakuna atakayekusahihisha, lakini hapo ungeipoteza kamba inayoziunganisha aya hizo mbili. Mwandishi alirudia neno moja kwa makusudi, ili ionekane kwamba kilichomfunga ndicho kinachomtoa. Kumbuka budi ni pa kutokea. Njia imekuwa finyu kule juu, imefungwa kabisa huku chini, na Kiswahili kinakupa mwangwi huo bila kulazimisha: ‘Kwa hiyo sina budi kujiuzulu.’